Kocha na Magoti Yetu

Ukitaka kumjua Kocha, anza na namna alivyokaa. Alikaa ukingoni mwa kiti, mgongo umenyooka, kitenge kimefika kwenye vifundo vya miguu, magoti yamebanana. Hata kwenye benchi la uwanjani, tukiwa tumeshafungwa na refa anaangalia ndege, alipiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, lakini magoti hayakuachana. Sisi wasichana tulimwiga nyuma ya mgongo wake. Tulisema mama huyu hata akitumbukia ziwani atazama kwa adabu.

Jina lake silitaji. Mtaa wetu wote wa Nyamianda ulimwita Kocha, na waliojua jina lake la ubatizo walikuwa wamelisahau kwa kutolitumia. Asubuhi aliuza ndagala wakavu sokoni, mchana alikuwa wetu. Filimbi yake ilinuka samaki. Mume hakuwa naye, wala hakueleza kwa nini, na sisi ambao tulizoea kuuliza kila kitu, hilo tuliliacha.

Alikuwa mtu wa kujipinga mwenyewe. Alitukaripia kama askari, lakini kuku wa kuchinja ilibidi amwite jirani. Alikaa hatua chache kutoka ziwani na hakuwahi kuingiza mguu majini kupita kifundo. Ukichelewa mazoezi alikufukuza, na Jumapili yeye ndiye aliyeingia kanisani wakati wa sadaka, akipita katikati ya viti kana kwamba ibada ilikuwa ikimngoja. Na kusifu hakujua. Tukishinda alisema tu, “Munyweni maji.” Tukishindwa alisema maneno hayohayo, kwa sauti ndogo zaidi.

Uwanja wetu ulikuwa kati ya barabara na ziwa, mchanga huku, kokoto kule. Mwaka ziwa lilipopanda likaingia kwenye nyumba za watu, lilikula kona moja ya uwanja pia. Tulidhani tutahama. Kocha alisimama akatazama maji yaliyofika kwenye kijiti cha bendera, akasema, “Iko kona tatu zingine. Muanze.” Tulicheza hivyo msimu mzima. Mpira ukienda upande ule, aliyeupiga ndiye aliyevua viatu kuufuata, na Kocha alikaa mbali akipiga kelele kwamba maji yana wenyewe.

Alikuwa na misemo yake. “Mupira hauna mama,” alisema, maana yake hakuna atakayekubembeleza humo ndani. Na ukijilaza chini kwa maumivu ya uongo: “Amuka, ardhi haitakuoa.” Nimewahi kuusema msemo huo wa pili kwa mwanangu aliyekataa kutoka kitandani, kisha nikakaa kwenye ukingo wa kitanda hichohicho nikashindwa kuendelea na siku yangu. Ninamkumbuka kwa namna hiyo, ghafla, katikati ya kazi za nyumbani.

Sasa lazima niseme jinsi ekipe, timu yetu, ilivyopata ruhusa, maana hapo ndipo yote yalipoanzia.

Kwetu mtoto wa kike anafundishwa magoti kabla ya kufundishwa kusoma. Ukikaa, funga magoti. Ukishuka kwenye pikipiki, funga magoti. Ukiruka mfereji na mkungu wa ndizi kichwani, ujitahidi. Magoti ya mwanamke ni ya kupiga mbele ya Mungu na mbele ya wakwe, si ya kutawanya barabarani. Kwa hiyo Kocha alipopita nyumba kwa nyumba kuomba mabinti wa kucheza mpira, akina mama wa kanisa walimtazama kama mtu aliyekuja kuomba wawavue mabinti nguo. Yeye hakubishana. Aliwaahidi.

“Ba mama, minye nawaambia mbele ya Mungu, batoto benu batacheza na adabu. Batakaa muzuri, bataruka muzuri, batatua muzuri.”

Na ahadi aliitimiza. Benchi lilikuwa na vitenge vya kufunika kaptura. Kila siku tulipanga mstari, tukaruka kupiga mpira wa kichwa, tukatua, naye akipita na kijiti cha mti akitugusa mapaja. “Fungeni magoti! Munafikiri hapa ni ku pori?” Tukajifunza kutua nyayo ziko mbali, magoti yanabusiana. Mama wengine walikuja kutazama, wakaenda nyumbani wametulia. Miaka kadhaa ilipita hivyo, na kama kuna mtu aliyeona ubaya wake, hakusema.

Mimi nilicheza mbele, mguu wa kushoto. Nitajisifu kidogo kwa sababu yeye hakunisifu: hakuna msichana kati ya vilima vya Songo na ziwa aliyepiga mpira kama mimi. Nilikuwa nikiupiga, kipa anaanza kulalamika kabla haujafika.

Siku ile tulicheza na wasichana wa Katogota, mabinti wa mashamba ya bondeni wenye mapaja ya kulima. Nilikuwa nimeshafunga. Ukaja mpira wa juu, nikaruka nikaupiga kwa kichwa, nikatua kama nilivyofundishwa, magoti pamoja. Nyayo zilibaki chini, mwili ukageuka kuufuata mpira. Hakuna aliyenigusa. Ndani ya goti la kulia nikasikia mlio, kama mtu anavunja bua la muhogo. Kelele zangu zilifika sokoni, wanasema.

Mama yangu alikuja akiwa na unga mikononi. Hakulia. Alimgeukia Kocha mbele ya uwanja mzima.

“Kocha, minye nilikupatia mutoto na magoti yake mawili. Leo unanirudishia moja.”

Kocha alichuchumaa mbele yangu. Alinibeba mgongoni mpaka barabarani, mama mzima yule, na jasho lake likanilowesha kifua.

Hospitali walisema ligama ya mbele, kamba ya ndani ya goti, imekatika. Kuna upasuaji wa kuitengeneza, lakini ulikuwa mbali na sisi kwa kila namna unayoweza kufikiria umbali. Tukarudi nyumbani na bandeji. Kocha naye akapanda gari kwenda Bukavu kumtafuta kine mmoja, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aliyesifiwa kwa kuwarudisha wachezaji kutembea. Alirudi amebadilika. Nimeirudia mara nyingi kichwani hadithi aliyotupa alasiri ile, sisi tumekaa mchangani, mimi nimenyoosha mguu kwenye gunia.

Alisema ndani ya goti kuna kamba mbili zinazokatizana. Ile ya mbele ndiyo inayozuia mfupa wa chini usiteleze kwenda mbele na usijipinde vibaya. Mwanamume anayo na mwanamke anayo, lakini kwa wanawake wengi kamba hiyo ni nyembamba, hata ukiwapima wawili wa kimo kimoja. Kinjia inamopita kati ya mifupa ni chembamba zaidi. Nyonga zetu ni pana, kwa hiyo mfupa wa paja unashuka mshazari kuja gotini, na goti linapenda kuangukia ndani. Tena viungo vyetu vinalegea kidogo kuliko vyao. Wataalamu wenyewe bado wanabishana lipi kati ya hayo lina kosa zaidi, na wapo wanawake wenye kamba nene kuliko kine yule. Lakini katika mchezo uleule, wasichana ndio wanaokatika zaidi.

“Mungu alitupatia kamba kidogo na mizigo kubwa,” alisema. Nilidhani anatania. Hakuwa anatania, alikuwa amekasirika, na nadhani alikuwa amemkasirikia Mungu, yeye aliyeimba sauti ya kwanza kwenye kwaya.

Kisha akachora mchangani kwa kidole. “Nilimuuliza kine: sasa tuache kucheza? Aliniambia, Mama, mifupa hautaweza kubadilisha. Kutua utaweza. Goti liangalie vidole vya mguu, lipindike, lisiende ndani.” Akafuta mchoro. “Lisiende ndani. Na minye ndiye nilikuwa nawaambia mulipeleke ndani.”

Mmoja wetu akamletea maji.

Wiki ile alitaka kutuonyesha kwa macho. Alikwenda kwa muuza nyama akaomba magoti mawili, moja la beberu na moja la mbuzi jike. Muuza nyama alicheka mpaka akaketi juu ya gogo lake la kukatia. Kocha aliyapasua mbele yetu kwa kisu cha ndagala, akatafuta tofauti, akageuza huku na huku, akavaa miwani. Kamba zote mbili zilikuwa sawasawa. Aliyatazama magoti yale kwa uchungu kama mtu aliyesalitiwa na shahidi wake. “Mbuzi haikunisaidia,” alisema. Tuliyapika na ndizi, tukala, na supu ile ilikuwa tamu sana.

Halafu likaanza neno jipya uwanjani: “Fungua magoti!” Alilitamka kwa sauti ileile aliyotumia kwa lile la zamani, kutoka kwenye benchi lilelile, yeye mwenyewe amekaa kama bibi harusi. Tuliruka, tukatua miguu imepindika, magoti yameachana, makalio yameshuka nyuma. Waendesha pikipiki walisimama barabarani kutazama. Haikupita muda akina mama wa kanisa wakaja, kundi zima, mbele yao mama mmoja mnene wa Songo aliyekuwa na mabinti wawili kwenye ekipe.

“Kocha, ulituahidi adabu. Leo unafundisha batoto kufungua magoti mbele ya banaume?”

“Mama, weye unashuka Songo na gunia ya muhogo ku kichwa. Ukishuka kwenye mteremko, unafunga magoti?”

“Ile iko kazi.”

“Shuka tuone.”

Likaletwa beseni, likajazwa mchanga. Yule mama, kwa hasira tu, akalitwika akashuka ukingo wa barabara kuja uwanjani, na sote tukamwangalia miguu: imepindika, imeachana, kila goti juu ya vidole vyake. Akina mama wakaanza kucheka, naye akacheka pia, beseni likiwa bado kichwani. Ungedhani mambo yameishia hapo. Alilitua beseni, akajifuta uso, akasema, “Minye nabeba muhogo. Sionyeshi mutu.” Akawachukua mabinti wake wawili, na nusu ya ekipe ikaondoka pamoja nao. Kocha aliwasindikiza kwa macho mpaka wakapotea. Akapuliza filimbi, tukaendelea na waliobaki.

Kwangu mimi alikuja kila asubuhi kabla ya soko. Alinipandisha njia za Songo, taratibu, siku nyingine akinivuta kwa kitenge kilichofungwa kiunoni kwangu. Alinifanya nichuchumae nusu, nisimame mguu mmoja huku mama akipika chai na kumkaripia. Misuli ikakua. Nikatembea, nikabeba ndoo, baadaye nikaolewa na siku ya kuwapigia wakwe magoti nilipiga vizuri, nikashuka polepole na nikainuka bila kushikwa. Yote hayo ni kazi ya mikono yake. Lakini mimi sikutaka kupiga magoti. Nilitaka kucheza.

Nilimwomba mara nyingi kuliko nilivyoomba kitu chochote maishani. Nilimwomba uwanjani, sokoni, kwenye mlango wa kanisa. Mechi moja tu, nusu mechi, dakika za mwisho. Jibu lilikuwa moja.

“Goti yako iko bila kamba. Utacheza na nini?”

Na hapo ndipo aliponiumiza zaidi, sasa nalisema. Kila alipopata wasichana wapya aliniita. Nilikuja nimevaa vizuri, nikakaa mbele yao, yeye akainua kitenge changu, akashika mguu chini ya goti akauvuta kuja kwake, na mfupa ukatoka mbele kama droo ya meza. Wasichana walipiga kelele, “Yesu!” Mmoja aliwahi kuzimia. “Mumeona? Sasa mujue kutua,” aliwaambia, akanishusha kitenge, akanishukuru. Hakuwaambia nilicheza wapi, wala kwamba nilifunga, wala mguu wangu wa kushoto. Mwaka baada ya mwaka wakaja mabinti wasionijua kwa lingine lolote. Sokoni walinong'onezana, yule ndiye goti. Nilikwenda kila alipoita, kwa sababu ni yeye. Lakini nilitaka kusikia kutoka kwake, hata kwa neno moja, kwamba nilikuwa mchezaji.

Milio ya risasi ilipoanza kusikika upande wa bonde, watu walivuka mpaka kwenda Bujumbura na magodoro vichwani. Kocha alivuka nao. Sisi tulipanda kwa shangazi milimani, na tuliporudi nyumba yake ilikuwa na kufuli, meza yake ya ndagala imechukuliwa na mtu mwingine. Wasichana waliobaki walitawanyika. Uwanja ulikuwa pale, na ziwa lilikuwa limeirudisha ile kona, imejaa matope na viatu vya plastiki.

Asubuhi tulivu, kabla upepo haujaamka, kutoka kwetu unaiona Bujumbura ng'ambo, nyeupe chini ya milima. Nilianza kwenda kuchota maji saa hiyo hata kama pipa limejaa. Nilisimama nikatazama upande ule, nikijua yupo mahali fulani kati ya mapaa yale, na kwamba anamkaripia mtu. Nilimkumbuka mpaka harufu ya samaki mkavu ikawa inaniuma. Mume wangu alisema, “Nenda umuone, utatumalizia ndoo.” Mpaka wa nchi ulipofunguliwa tena, nikaenda.

Nilimpata nyuma ya kanisa moja, kwenye kiwanja kisicho na nyasi. Wasichana wengi kidogo, wengine wa kwetu waliokimbia, wengine wa palepale, wanaruka na kutua, kila goti juu ya vidole vyake. Akisema kitu, wanaitika “Ego, Kocha,” ndiyo kwa lugha ya huko. Alikuwa amekonda. Kitenge sikukijua. Aliponiona alitazama kwanza goti, jinsi ninavyokanyaga, kisha ndipo akatazama uso.

“Mwanangu,” alisema. “Unatembea muzuri.”

Tukakumbatiana mpaka filimbi ikanichoma kifuani. Halafu, machozi hayajakauka, akawageukia wasichana wake, akapiga makofi kuwaita.

“Batoto, mukuje muone. Huyu mama ndiye ile goti nilikuwa nawaambia.”

Wakaja mbio, wakakaa mchangani, macho yote kwenye kitenge changu. Kocha akainama kukiinua. Nikamshika mkono. Sikuwahi kumshika mkono hivyo.

“Apana, Kocha. Sikuvuka mupaka kuonyesha goti. Minye nilikuwa muchezaji.”

Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Wasichana wakatazamana. Mmoja mdogo, wa kwetu, akauliza, “Ulikuwa unacheza kweli, Mama?” Nikamngoja Kocha ajibu. Nilingoja kama miaka yote ile ilikuwa imekusanyika hapo.

Alivua filimbi shingoni, akaishika mkononi.

“Unafikiri nilisahau?” alisema, polepole. “Kila siku uliniomba mechi. Minye nilifika nyumbani nikalia. Kama nilikuachilia, ungecheza muzuri, bantu bangepiga makofi, na mufupa ingesaga mufupa mpaka ingeisha. Nilikuvunja mara moja, mwanangu. Sikuweza tena.”

“Lakini kwa nini kuwaonyesha goti tu? Kwa nini usiwaambie ingine?”

“Kwa sababu ile goti iko kosa yangu. Nilikuwa naonyesha kosa yangu, ili nisipate pa kujificha. Weye ile mutu...” Akageukia wasichana. “Huyu mama, mupira ukiwa ku mguu yake ya kushoto, minye nilikuwa nasimama ku benchi. Sisimamaki. Kwake nilikuwa nasimama.”

Ilikuwa kweli, na sikuwahi kujua, kwa sababu nilikuwa nikimpa mgongo, naangalia goli. Nikalia waziwazi mbele ya watoto wale. Kocha aliniacha nilie, kisha akasema kwa sauti ya kazi, “Leteni mupira.”

Wakauweka mbele yangu. Mguu wa kushoto ndio wa kupiga, na wa kulia, ule usio na kamba, ndio wa kusimamia. Nilimtazama Kocha nikasita. Yeye akaweka mkono mmoja chini, akapiga goti moja, akalipiga na la pili, mama yule wa umri wa mama yangu, mbele yangu mimi mtoto wake, kwenye kokoto. Nikamwambia, “Kocha, apana, inuka.” Akalizungushia goti langu la kulia mikono yake miwili, kiganja kimoja mbele ya muundi, kingine nyuma ya paja, akakaza.

“Usiruke. Usigeuke,” alisema. “Minye nimekamata. Piga.”

Nikapiga. Haukuwa mpira mzuri. Ulipita pembeni ya goli ukagonga ukuta wa kanisa, na wasichana wakaukimbilia wakipiga vigelegele. Niliinamisha kichwa kuona kama ameuona. Hakuwa ameutazama kabisa. Alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye paja langu, macho amefumba, na mikono yake bado ilikuwa imeshika.